Meli Kongwe za Ziwa Nyasa: Kuundwa, Kuzamishwa na Kufufuliwa

Barabara inayotoka mjini Songea kuelekea magharibi hupanda hadi Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo inakolimwa kahawa, kisha huteremka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, ambako mkoa wa Ruvuma unakutana na ziwa. Historia ya mkoa huu imezoeleka kusimuliwa kutoka bara, yaani kutoka bomani Songea, kwenye viwanja vya vita vya Majimaji na kwenye njia za misafara iliyokwenda Kilwa na Lindi, na ni haki isimuliwe hivyo. Lakini upande wa ziwani ipo historia nyingine ambayo haijapewa nafasi yake, nayo ni ile ya meli za chuma zilizoletwa vipande vipande, zikaunganishwa kando ya maji, zikapigwa mizinga, zikazama, zikaibuliwa, zikabadilishwa injini na kurudishwa kazini. Atakayeifuatilia historia hiyo kwa makini ataona kwamba ukarabati wa meli kongwe, ambao siku hizi hudhaniwa kuwa shughuli ya makumbusho na ya wapenzi wa vitu vya kale, katika Ziwa Nyasa ulikuwa kazi ya kawaida tangu mwanzo, na kwamba bila ukarabati huo hakuna hata meli moja kati ya zile maarufu ambayo ingedumu kwa kizazi kimoja.

Sababu ya hali hiyo ni ya kijiografia. Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilomita 580 na kina kinachofikia takriban mita 700, na mto pekee unaotoka ndani yake ni Shire, ambao humwaga maji yake katika mto Zambezi na hatimaye katika Bahari ya Hindi. Njia hiyo ya maji ingefaa kupitisha meli kutoka baharini hadi ziwani kama si maporomoko yaliyo katikati ya Shire, ambayo chombo chochote cha maana hakiwezi kuyapita. Kwa hiyo kila meli iliyotengenezwa Ulaya ililazimika kuundwa kwanza kiwandani kwa majaribio, ikafunguliwa, vipande vyake vikatiwa namba na kufungwa katika vifurushi ambavyo mtu mmoja au watu wachache wangeweza kuvibeba, kisha vikapandishwa mtoni kwa mashua hadi chini ya maporomoko, vikapitishwa nchi kavu vichwani na mabegani mwa wapagazi, na mwishowe vikaunganishwa upya juu ya maporomoko hayo. Meli iliyofika kwa njia hiyo haikuweza kurudi ilikotoka. Ilipoharibika ilipaswa kutengenezwa palepale, kwa vifaa vilivyokuwapo na kwa mikono ya watu waliokuwapo.

Wamisionari wa UMCA, chama cha Kianglikana kilichokuwa na makao yake makuu Zanzibar, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyatambua hayo. Padre William Percival Johnson, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1876, alisadiki kwamba vijiji vya mwambao wa mashariki wa ziwa haviwezi kufikiwa ipasavyo ila kwa meli, kwa kuwa milima ya Livingstone inashuka hadi majini na sehemu kubwa ya ufuko haina njia ya kupitika kwa urahisi. Maradhi ya macho yaliyomwondolea sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona hayakumvunja moyo. Alirudi Uingereza akachangisha fedha, na mwaka 1885 meli ndogo ya mvuke iitwayo Charles Janson, iliyopewa jina la mwenzake aliyefariki ziwani mwaka 1882, ilianza kazi. Johnson aliendelea kuzunguka mwambao huo kwa zaidi ya miaka arobaini, akafariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapo hapo, na kaburi lake bado ni mahali pa hija kwa Waanglikana wa Ruvuma.

Wajerumani nao hawakuwa tayari kuwaachia Waingereza ziwa zima. Meli yao, Hermann von Wissmann, iligharimiwa na michango iliyokusanywa Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, ikaundwa Hamburg, na baada ya mabishano marefu kuhusu ziwa ambalo ingepelekwa, ikapandishwa kwa njia ile ile ya Zambezi na Shire, yaani kupitia maeneo ya Wareno na Waingereza, na kuingizwa majini mwaka 1893. Haikufika mita 30 kwa urefu, lakini katika upande wa Wajerumani ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa usafiri wote wa ziwani: ilibeba barua, maofisa, askari, chumvi na vitambaa, ikatia nanga Langenburg upande wa kaskazini, Wiedhafen kwenye mlango wa mto Ruhuhu, mahali ambapo leo panaitwa Manda na ambapo palikuwa bandari ya Songea kwa miaka mingi, na Sphinxhafen, yaani Liuli, bandari iliyopewa jina hilo kwa sababu ya mwamba mkubwa unaojitokeza majini ukiwa na umbo linalofanana na sanamu ya kale ya Misri. Ghuba ya Liuli imekingwa vizuri dhidi ya mwera, upepo mkali wa kusini-mashariki unaoogopwa na wavuvi wa Nyasa hadi leo, na kwa sababu hiyo Wajerumani walijenga hapo sehemu ambayo kwa meli ya chuma ina umuhimu kuliko gati lenyewe: chelezo.

Chelezo ni mteremko uliojengwa kutoka ufukweni hadi chini ya maji, ambao juu yake meli huvutwa hadi ikatoka majini kabisa ili sehemu yake ya chini ionekane, ikwanguliwe, ichunguzwe na kupakwa rangi. Maji ya ziwani hayana chumvi, hivyo kutu yake huenda polepole kuliko ile ya baharini, lakini haikosekani, hasa ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya meli ambamo maji machafu, mafuta na majivu hukusanyika. Fundi aliyekuwa na uzoefu alipita na nyundo ndogo akigonga bamba moja baada ya jingine, akisikiliza mlio: bamba zima lilitoa sauti kali na iliyonyooka, na bamba lililoliwa na kutu lilitoa sauti butu. Bamba bovu liliondolewa kwa kukata vichwa vya ribiti, ambazo ni misumari minene isiyo na ncha iliyounganisha mabamba na mataruma ya meli, kisha bamba jipya likawekwa na ribiti nyingine zikachomwa motoni mpaka zikawa nyekundu, zikapitishwa tunduni zikiwa bado za moto na kugongwa, ili zilipopoa na kusinyaa ziyabane mabamba pamoja kwa nguvu isiyoweza kupatikana kwa msumari wa baridi.

Wakati Hermann von Wissmann ikijijengea sifa upande wa mashariki, UMCA ilikuwa ikiandaa chombo kikubwa zaidi. Askofu Chauncy Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu muda mfupi tu kabla ya hapo, alifariki Septemba 1895 mashua yake ilipopinduka katika dhoruba akielekea Likoma, na jina lake likapewa meli mpya iliyochorwa na mhandisi Henry Brunel na kuundwa Glasgow mwaka 1899 na kampuni ya Alley & McLellan. Ilikuwa na urefu wa mita 38 hivi, na ilifika Shire ikiwa imegawanywa katika vifurushi vinavyozidi 3,400. Karibu kila kitu kiliweza kugawanywa isipokuwa boila, yaani lile pipa kubwa la chuma ambamo maji huchemshwa yatoe mvuke wa kusukuma injini, ambalo haliwezi kukatwa vipande bila kupoteza uimara wake. Boila hilo lilikuwa na uzito wa tani 11. Liliwekwa juu ya magurudumu, na Wangoni wapatao 450 wakalivuta kwa kamba umbali wa maili 64, karibu kilomita 100, wakilipandisha kando ya maporomoko ambako njia ilibidi ichongwe kwanza ndipo magurudumu yapite, kazi iliyochukua miezi kadhaa.

Kwa msomaji wa Songea jambo hilo lina uzito wa pekee. Wangoni wa Nyasaland (Malawi ya leo) na Wangoni wa Ruvuma ni ndugu waliotawanywa na historia moja ya kuhama kutoka kusini mwa Afrika, kuvuka Zambezi kwa makundi katika miaka ya 1830. Kundi la Maseko, ambalo hatimaye lilikaa milimani magharibi mwa Shire, liliwahi kutawala katika nchi ya Songea kabla ya kushindwa na kurudi kusini kuzunguka ziwa. Vitabu vinavyoisifu meli ya Chauncy Maples hutaja jina la mchoraji wake, jina la kiwanda chake na jina la askofu wake, lakini hao 450 hutajwa kwa idadi tu. Ni upungufu mkubwa, kwa sababu bila misuli yao mchoro wa Brunel ungebaki karatasi, na mwandishi yeyote wa historia ya meli hii anapaswa kuwahesabu miongoni mwa waundaji wake. Meli iliunganishwa karibu na mwisho wa kusini wa ziwa na kuingizwa majini Juni 1901.

Kwa miaka iliyofuata Chauncy Maples ilikuwa kanisa, shule na hospitali kwa pamoja. Ilipokaribia kijiji ilipiga honi, wagonjwa wakaletwa kwa mitumbwi, wanafunzi wa ualimu wakashuka na vitabu vyao, na mhudumu wa boila akateremsha watu kwenda kuchukua kuni, kwa maana meli zote hizo zilitumia kuni badala ya makaa ya mawe. Vijiji vya mwambao vilikata magogo, vikayapanga ufukweni na kuyauza kwa meli, na biashara hiyo ya kuni ilikuwa kwa familia nyingi njia mojawapo ya kupata fedha ya kulipia kodi. Mvuke ulikula misitu ya mwambao kwa kasi, na hilo ni sehemu ya gharama ya meli hizo ambayo haionekani katika picha zao nzuri za rangi nyeupe na bomba refu la moshi.

Agosti 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa juu ya chelezo cha Liuli ikikarabatiwa, na nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba nchi yake imeingia vitani. Upande wa pili, nahodha Edmund Rhoades wa meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen alikuwa amepata habari hiyo kwa simu ya waya pamoja na amri ya kuiharibu meli ya Wajerumani, ingawa yeye na Berndt walifahamiana vyema na walizoea kukutana kwa urafiki. Tarehe 13 Agosti Gwendolen iliingia katika ghuba ya Liuli na kufyatua mzinga wake mdogo, risasi za mwanzo zikakosa shabaha, na Berndt akatoka kwa mashua kwenda kumuuliza rafiki yake kwa hasira anafanya nini. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba kuna vita na kwamba yeye ni mfungwa. Magazeti ya London yaliandika tukio hilo kama ushindi wa kijeshi majini, nalo mara nyingi hutajwa kuwa mapigano ya kwanza ya majini ya vita vile. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli kwa nguvu zaidi, baada ya kuhofia kwamba Wajerumani wanaitengeneza upya, wakaitegea baruti.

Yapo mambo mawili katika tukio hilo ambayo masimulizi ya kijeshi huyapita haraka. La kwanza ni kwamba meli ilishambuliwa ikiwa mikononi mwa mafundi, ikiwa nje ya maji, mahali ambapo haikuwa na uwezo wa kujitetea wala kukimbia, na kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa mapigano ya Liuli lazima aanze na chelezo. La pili ni kwamba hata baada ya mizinga na baruti, mwili wa meli haukutupwa: vita vilipokwisha Waingereza waliichukua, wakaitengeneza, wakaipa jina la mfalme wao na kuirudisha ziwani, ikafanya kazi kwa miaka mingi chini ya bendera ya waliokuwa wamejaribu kuiangamiza. Uamuzi huo ulitokana na hesabu tu, kwa sababu kuivusha meli nyingine juu ya maporomoko ya Shire kungegharimu zaidi kuliko kuitibu ile iliyokuwapo.

Mfano mkubwa zaidi wa hesabu hiyo uko katika Ziwa Tanganyika. Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kusafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000, iliingizwa majini Kigoma Februari 1915 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini mafuta mazito ili maji yasizile. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walizikuta injini hizo katika hali nzuri kiasi cha kushangaza, na Mei 1927 meli ilianza tena safari kwa jina la Liemba. Baadaye iliondolewa mvuke na kuwekewa injini za dizeli, ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa mwaka 1993, na katika miaka ya 1990 na hata mwaka 2015 iliwabeba maelfu ya wakimbizi wa Kongo na Burundi. Mafundi wale walioipaka mafuta mwaka 1916 waliiokoa meli kwa adui yao na, bila kukusudia, kwa watu wa Kigoma.

Mabadiliko kutoka mvuke kwenda dizeli ndiyo hatua ambayo wapenzi wa meli za kale hubishana nayo zaidi. Katika Ziwa Nyasa, Chauncy Maples iliuzwa na kanisa miaka ya 1950, ikatumika katika shughuli za uvuvi, kisha ikanunuliwa na serikali ya Malawi, na mwaka 1967 ikarudi majini kama meli ya abiria na mizigo ikiwa na injini ya dizeli, bila boila lile la tani 11. Kwa macho ya makumbusho hilo ni hasara, kwa kuwa injini ya mvuke ni moyo wa meli ya aina hiyo. Lakini kwa macho ya abiria wa Nkhata Bay au Likoma, boila lilimaanisha kusimama kila mara kupakia kuni, wapakiaji wengi na joto lisilovumilika chini ya sitaha. Uamuzi wa mwaka 1967 ulikuwa sahihi. Meli inayotembea ikiwa na injini isiyo yake huhifadhi mwili wake kuliko meli iliyo kamili lakini imefungwa gatini, kwa sababu meli inayofanya kazi hukaguliwa, hupakwa rangi na huvutwa chelezoni, na iliyofungwa huoza kimyakimya kuanzia ndani ya ngama.

Miaka ya baada ya Vita vya Pili ilileta somo jingine lililolipiwa kwa maisha ya watu. Julai 1946 meli mpya iitwayo Vipya ilizama katika upepo mkali upande wa magharibi wa ziwa, na watu 145 wakafa maji. Meli iliyofuata, Ilala, iliundwa na kiwanda cha Yarrow cha Glasgow mwaka 1949 ikiwa tangu mwanzo ni chombo cha injini ya dizeli, na ikaanza kazi mwaka 1951. Imeendelea kubeba wakulima, wanafunzi, mahindi, baiskeli na wasafiri wa kigeni waliokuja kwa ajili ya safari yenyewe, ambao hulala kwenye sitaha ya juu na kutazama milima ya Livingstone ikibadilika rangi jua linapotua. Raha hiyo ni ya haki, na ni sehemu ya sababu za kuitunza meli. Ila katika Ziwa Nyasa raha ya abiria wa sitaha na usalama wa abiria wa chini ya sitaha hutegemea bamba lile lile la chuma.

Upande wa Tanzania, ziwa lilihudumiwa kwa muda mrefu na MV Songea na MV Iringa, ambazo ziliunganisha bandari ya Itungi, wilayani Kyela, na Manda, Liuli na Mbamba Bay, na MV Songea ikavuka pia hadi Nkhata Bay. Jina lake ni la mji, na mji nao umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, hivyo kwa namna fulani jina la shujaa wa Majimaji lilipita kila wiki mbele ya mwamba wa Liuli, ambako meli ya utawala uliomnyonga ilipata kichapo chake. Katika bandari zisizo na gati abiria walishuka kwa mitumbwi, akina mama wakiwa na vitoto mgongoni na magunia ya mchele wa Kyela yakitangulia, na magunia ya usipa mkavu yakipandishwa kwa kamba. Baadaye Mamlaka ya Bandari iliongeza meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, na mwaka 2021 ikaja MV Mbeya II ya abiria 200 na mizigo ya tani 200. Zote tatu ziliundwa Itungi, ziwani kwenyewe, na mafundi Watanzania.

Mafundi wa Itungi wanachomelea kwa umeme, na mikono inayojua kupiga ribiti ya moto imepungua sana duniani kote. Hilo lilijitokeza waziwazi mwaka 2009 ulipoanzishwa mpango wa kuifufua Chauncy Maples huko Monkey Bay ili iwe zahanati inayoelea. Mabamba yake ya tangu Glasgow yamepungua unene kwa zaidi ya karne moja ya kutu na kukwanguliwa, na bamba lililopungua haliwezi kuchomelewa ovyo kwenye bamba jipya lenye unene kamili, kwa kuwa joto la uchomeleaji hulipinda lile jembamba na kulegeza ribiti za jirani. Kila bamba linalobadilishwa huvuta lenzake, gharama hupanda zaidi ya makisio ya mwanzo, na mwenye meli hulazimika kuamua ni kwa kiasi gani anahifadhi chuma cha kale na kwa kiasi gani anaunda meli mpya ndani ya umbo la zamani. Uamuzi huo hauna jibu moja kwa kila chombo. Meli itakayobeba wagonjwa au abiria katika mwera inahitaji mwili mpya chini ya mstari wa maji, hata kama sitaha na chumba cha nahodha vitabaki vilevile; meli itakayosimama nchi kavu ili watu waione inaweza kubaki na ribiti zake zote.

Kwa Ruvuma swali hilo linahusu zaidi mahali kuliko meli. Hermann von Wissmann haipo tena, na Chauncy Maples iko Malawi, lakini ghuba ya Liuli, mwamba wake, kaburi la Johnson na hospitali ya misheni vipo katika Wilaya ya Nyasa, na barabara ya lami kutoka Songea kupitia Mbinga imeufanya mwambao huo ufikike kwa saa chache. Songea ina Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, ambako kila Februari wazee na wanafunzi hukusanyika kuwakumbuka walionyongwa, na ingefaa kabisa makumbusho hayo yachukue jukumu la historia ya ziwani pia: kuchunguza eneo la chelezo cha Wajerumani kwa wataalamu wa mambo ya kale, kukusanya vyuma na vifaa vya meli vilivyobaki mikononi mwa wanavijiji, na kurekodi kumbukumbu za mabaharia na mafundi wa MV Songea na MV Iringa wangali hai, kwa maana wao ndio wa mwisho waliozijua meli za aina hiyo kwa kugusa, kwa kusikiliza injini na kwa kugonga bamba kwa nyundo.